Kompaila na ahadi ya daraja la kwanza

Septemba 2025, toleo la 1.90 la Rust, lugha ya programu, liliishusha Mac yenye prosesa ya Intel kutoka daraja la kwanza hadi la pili. Wenye kompyuta hizo hawakunyang'anywa kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo uweze kuendeshwa na prosesa. Bado wanaipakua ikiwa tayari. Kilichoondoka ni ahadi. Katika daraja la kwanza, badiliko haliingii mpaka majaribio yote yapite kwenye mashine hiyo. La pili, mradi unahakikisha inajengeka tu. La tatu, msimbo upo, mengine utajua mwenyewe.

Wanaotaka orodha fupi ya prosesa za daraja la kwanza wana hoja nzito: jaribio likigoma kwenye prosesa moja, kazi ya wote inasimama. Na kwa Mac hizo hata mashine za kupimia zilikuwa zinaisha, kwani Apple ilishatangaza kuachana na Intel na GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kupima msimbo, ikasema itaziondoa zake za bure. Ahadi usiyoweza kuipima utaitimizaje? Uamuzi ule naukubali.

Ila wanaotetea prosesa adimu wasionekane wapenzi wa vyuma chakavu. Chukua namba 1 katika baiti nne. Kwenye Intel inakaa 01 00 00 00. Kwenye s390x, prosesa ya kompyuta kubwa za IBM, inakaa 00 00 00 01. Programu iliyozoea mpangilio wa Intel, ikisoma faili lake kwenye s390x bila kugeuza baiti, ile 1 inakuwa 16,777,216. Kosa lilikuwemo tangu siku ya kwanza, ila Intel ililificha.

Halafu kuna mnyororo. Februari 2021, maktaba ya lugha ya Python iitwayo cryptography ilianza kuhitaji Rust katika toleo la 3.4. Waliokuwa na Linux kwenye prosesa za zamani za Alpha na HPPA wakashindwa kuijenga, maana Rust haikuzijua prosesa hizo. Python ilikuwa bado nao, Linux pia. Kilichowakwamisha ni orodha ya kompaila ambayo wengine hawakuwahi kuigusa.

Ndiyo maana kuhesabu watumiaji peke yake hakunitoshi. Go, lugha nyingine ya programu, inauliza swali bora zaidi: nani atatengeneza ikiharibika? Kila prosesa iliyo nje ya daraja la kwanza inatakiwa iwe na watunzaji wasiopungua wawili. Katika toleo la 14, mwaka 2024, kompaila ya GCC nayo iliiweka prosesa ya Itanium kwenye orodha ya kuondolewa. Akajitokeza mtu wa kuitunza, ikabaki.