Mzee Kabila hakupendwa siku zote

Kila ikifika Januari 16, siku aliyouawa, picha zinaanza kuzunguka: Mzee Laurent-Désiré Kabila, rais wa Kongo tangu 1997, kipara na tabasamu, na chini yake, "Shujaa aliyependwa na Wakongomani wote." Wote? Jamani!

Mei 1997, sawa. Makadogo, askari watoto wa uasi wa Kabila uliosaidiwa na Rwanda, waliingia Kinshasa na mabuti yao ya mpira, hoi kwa kutembea, na jiji likawashangilia. Dikteta Mobutu kakimbia, nani angenuna? Lakini mwezi haukuisha, vyama vikapigwa marufuku kufanya siasa. Jiji la Kilingala likaanza kuamrishwa kwa Kiswahili na askari wenye bunduki, na mkuu wa majeshi akawa James Kabarebe, ofisa wa Rwanda! Februari 1998 Tshisekedi, kiongozi wa upinzani, akarudishwa kwa nguvu kijijini kwao Kasai, kama mtoto mtukutu anayepelekwa kwa bibi. Kinshasa ilimchoka Mzee mapema sana.

Ikaja Agosti. Kabarebe yuleyule, aliyevuliwa cheo Julai, akashusha askari kwa ndege Kitona, upande wa bahari, kuja kumpindua Kabila. Wakashika Inga, bwawa la umeme wa Kinshasa, umeme ukakatika, pampu za maji zikasimama, hospitali gizani. Na watu waliokuwa wakimlaani Kabila wakatoka mitaani na mapanga kumtetea.

Mzee alikuwa amebadilika nini? Vyama bado vimefungwa, wapinzani bado wanasakwa. Watu walitetea nyumba zao, yeye akakutwa amesimama mlangoni. Halafu hao wanaotuma picha hawagusi jambo moja: Agosti ileile watu walivishwa matairi shingoni wakachomwa hai, wengine kosa lao ni sura tu, wamedhaniwa Watutsi, jamii iliyohesabiwa kuwa upande wa Rwanda. Redio ya serikali ilikuwa inachochea. Mapenzi gani haya tunayoyaimba bila kuwataja waliochomwa?

Angola na Zimbabwe, kwa majeshi yao, ndizo zilizoliokoa jiji, tusidanganyane.

Haya, nakubali shingo upande: aligoma kuwa kibaraka wa waliomleta, na si wengi wangethubutu. Na kule Bukavu, mashariki, chini ya RCD, waasi waliosaidiwa na Rwanda, watu walimpenda kwa sababu hakuwa yeye anayewatawala. Alipopigwa risasi na mlinzi wake mwenyewe mwaka 2001, umati uliojitokeza kumzika ulikuwa wa kweli, sibishi. Ila Kisangani, Goma na Bukavu zilikuwa bado mikononi mwa waasi, na hakuna aliyejua kesho nani atakuwa Kinshasa. Mimi pia ningelia.