Marioo Kwenye Sinema na Bei Isiyotajwa

Katika Paradies: Liebe, filamu ya Mwaustria Ulrich Seidl iliyopigwa pwani ya Kenya na kushindania tuzo kule Cannes mwaka 2012, kuna kamba imevutwa mchangani. Upande wa hoteli wamelala wageni kwenye vitanda vya jua. Upande wa bahari wamesimama vijana, kimya, wamewaelekea, wakingoja mmoja wao ainuke. Askari wa hoteli anapita katikati. Mwanamke akivuka tu ile kamba, wanamzunguka kwa shanga na safari za boti, kila mmoja akimtajia jina lake.

Filamu za kijana mtanashati anayelelewa na mwanamke mwenye pesa zina lawama moja isiyoisha: kwamba zinampamba marioo. Lugha yetu yenyewe imekwisha kutoa hukumu. Tunamwita marioo, kibenten, bichi boi. Zanzibar wanaowaganda watalii huitwa papasi, jina la mdudu anyonyaye damu. Kwa hiyo sinema ikimvua shati na kumpa maneno matamu, mzazi ana haki ya kuuliza kijana wake amefundishwa nini.

Lakini wenye lawama hii ningewaomba wakae hadi filamu iishe. Katika Sunset Boulevard ya mwaka 1950, Joe Gillis anakimbia watu waliokuja kumnyang'anya gari kwa deni, anajikuta kwenye jumba la Norma Desmond, nyota wa filamu za kimya aliyesahaulika. Anaanza kwa kumsahihishia mswada, anaishia kuvalishwa suti asizozilipia. Hadithi yote anatusimulia akiwa maiti inayoelea kwenye bwawa la kuogelea. Katika Vers le sud ya Laurent Cantet, ya mwaka 2005, Legba, kijana wa Haiti ambaye wanawake wawili kutoka Amerika Kaskazini wanamgombea, naye anauawa. Wao wana tiketi ya ndege. Huko ndiko kupambwa?

American Gigolo ya mwaka 1980 ndiyo inayotajwa zaidi, kwa sababu ya Richard Gere na suti za Armani. Nayo kwangu ndiyo nyepesi kuliko zote, maana Julian Kay, kijana anayelipwa na wanawake matajiri, anajua anauza nini, na mteja anajua ananunua nini. Anaposingiziwa mauaji, mteja aliyekuwa naye usiku huo hataki kumtolea ushahidi, akilinda jina lake. Ni ukatili, lakini ni ukatili unaoeleweka: biashara imekwisha, kila mtu kashika njia yake.

Munga, kijana wa ufukweni katika Paradies: Liebe, hana hata hilo. Yeye hataji bei, na kwa maoni yangu hapo ndipo ulipo moyo wa filamu hizi, nasi tunapapita haraka kwa sababu tumeshaamua nani mwizi. Teresa, mama wa makamo kutoka Vienna, anampenda Munga hasa kwa kuwa haombi kitu. Anawafukuza wauza shanga wengine, anamshika mkono taratibu, anajifunza namna anavyotaka kuguswa. Halafu kuna mtoto wa dada yake Munga, mgonjwa hospitalini. Halafu kuna shule, na mwalimu aliyesimama mbele ya darasa akingoja mchango, na mchango ukitoka anaambiwa hautoshi. Kila ombi linakuja na uso wa mtu mwingine. Munga hapokei mshahara hata siku moja. Anapokea misaada.

Tazama maana yake kwa pande zote mbili. Akitaja bei, mapenzi yanakufa papo hapo, na pamoja nayo riziki. Asipoitaja, kazi yake haina kiwango wala siku ya mapumziko, na kesho yake inategemea kama mama ameamka na furaha. Mpishi wa hoteli ileile anajua atalipwa lini. Munga hajui. Analazimika kubuni shida mpya kila wiki, na sina hakika kwamba zote ni za uongo. Pwani ile ina wagonjwa wengi wasio na pesa za dawa. Uongo wake mkubwa ni mmoja: yule dada ni mke wake. Teresa anapogundua, anamfuata ufukweni na kumpiga mbele za watu, naye anavumilia. Hapo, kwangu, kipigo kile kinaonyesha nani alikuwa tajiri tangu mwanzo.

Hata hivyo Teresa ameumizwa kweli, na asiyeliona hilo hajaitazama filamu. Nyumbani kwao ni mwanamke mnene wa miaka hamsini ambaye macho ya wanaume yanampita kama ukuta. Ukitaka kuona ubaya mtupu wa haiba, tazama The Tinder Swindler ya mwaka 2022, filamu ya makala ya matukio ya kweli. Simon Leviev alijifanya mrithi wa almasi, akatumia pesa za mwanamke mmoja kumpeleka mwingine kwa ndege binafsi, na hasara inakadiriwa kufikia dola milioni 10. Mahakama ya Israel ilimhukumu miezi 15 mwaka 2019, kwa makosa mengine ya zamani, na alitoka baada ya miezi 5. Wanawake waliosimulia kwenye makala hiyo walibaki na mikopo ya benki. Kwa mtu kama huyo sina neno la utetezi.

Ila kumweka Munga kwenye kapu moja na huyo ni dhuluma. Leviev aliiba kwa kujifanya ana mali. Munga anajulikana hana, na kutokuwa nacho ndiko kulikomfanya apatikane. Wanawake wa filamu ya Seidl wanalijua hilo. Wanamtamkisha mhudumu wa baa majina ya vyakula vya Kijerumani na kumcheka. Siku ya kuzaliwa kwa Teresa, marafiki zake wanamletea kijana chumbani kama zawadi. Mwili wake usipoitikia, wanamtimua.

Dai langu dhidi ya filamu hizi si lile la wazazi. Katika Vers le sud wanawake watatu wanapewa nafasi ya kuitazama kamera na kueleza nafsi zao, na Albert wa hotelini naye anapewa. Legba hapewi, ingawa Ménothy César aliyemcheza alishinda tuzo ya mwigizaji chipukizi Venice. Seidl naye anatuingiza kwa Munga tukiwa nyuma ya Teresa, tukaona anachoona yeye, tukatoka alipotoka yeye. Filamu ninayoingoja ingeanzia kwa yule mke aliyeitwa dada, asubuhi, akimpigia mumewe shati pasi huku mtoto akilia, kisha akabaki mlangoni akimtazama anavyoshuka kuelekea ufukweni. Nataka kusikia wanaambiana nini usiku anaporudi, kwa Kigiriama au kwa Kiswahili, hela zikiwa mezani.