Santuri za Kutazamwa

Jamani, hivi muziki wa chooni unauzwaje? Sitanii. Hapa Florida ukiingia kwenye bustani za burudani za Disney, muziki haukubanduki. Uko kwenye foleni, uko migahawani, uko vichakani, maana spika nyingine wamezificha ndani ya mawe ya bandia, na ukienda kujisaidia unakufuata hukohuko. Umeshalipa kiingilio, muziki ni nyongeza. Lakini chukua muziki huohuo, uutie kwenye santuri ya zambarau inayong'aa gizani, andika juu yake kwamba nakala ni chache na hazitarudiwa, uone watu wazima wenye wake na mikopo ya nyumba wanavyotoana macho.

Mmoja wao analala sebuleni kwangu. Anaitwa Hemedi, mdogo wake mama Zuhura, kwa hiyo ni shemeji yangu na siwezi kumfukuza. Alikuja hapa Kissimmee kwa muda, akitafuta pake. Pake hajapata, ila santuri zake zimepata pao: rafu nzima, tena ile iliyo karibu na kiyoyozi, kwa sababu eti zikipata joto zinapinda. Mie nikipata joto sipindi, kwa hiyo nimehamishiwa upande wa dirishani.

Angekuwa anakusanya nyimbo za katuni ningemwelewa. Watoto wanazipenda, unaziimba njiani, mambo yanakwisha. Hemedi anakusanya muziki wa kusubiria. Wenyewe wanauita lupu: ala zinapigwa saa nzima, zikiisha zinaanza upya, kusudi mtu aliyesimama juani asikumbuke kwamba amesimama juani. Mie naendesha basi dogo la hoteli, nawapeleka wageni bustanini asubuhi na kuwarudisha usiku. Hizo lupu nazijua kuliko nyimbo za harusi yangu. Hakuna aliyewahi kunilipa hata senti kwa kuzijua.

Mwulize habari ya onyesho la fataki la Epcot, moja ya bustani hizo, lile lililoanza Oktoba 1999 likazimwa Septemba 2019, muziki wake aliutunga Gavin Greenaway. Atakueleza mpaka chai ipoe. Alitaka bibi harusi aingie ukumbini kwa muziki huo. Mama mkwe mtarajiwa akauliza, na taarabu je? Harusi hiyo bado inasubiriwa.

Kituko chenyewe kiko Harambe. Kama hamjui, ndani ya Animal Kingdom, bustani waliyoifungua Aprili 1998, kuna mji wa kubuni wa Afrika Mashariki unaoitwa Harambe, na ramani ya mawazo yake waliichukua pwani yetu, Lamu ikiwemo. Maandishi ukutani ni ya Kiswahili, magari ya kutazama wanyama yana jina la Kilimanjaro. Nyufa za kuta zimechorwa na mafundi, rangi imebanduliwa kwa makusudi na watu wanaolipwa kwa saa. Kwetu Tanga nyufa zinakuja zenyewe na hakuna anayelipwa. Sasa wenzake Hemedi wakisikia mie natoka Tanzania wananirukia: baba, huko kwenu lupu ya Harambe inapatikana kwenye santuri? Huko kwetu wapi? Harambe haipo! Nikawapigia Mbaraka Mwinshehe, gitaa lenyewe la Morogoro, mtu aliyekufa 1979 na mpaka leo hajapata mpinzani. Wakasikiliza kwa adabu, mmoja akasema ni nzuri, lakini siyo yenyewe. Yenyewe ni ile inayosikika unaposubiri bisi.

Kuhusu bei, Hemedi ana mhadhara wake, na kwa haki ya Mungu sehemu yake ni kweli. Anasema kutengeneza santuri kuna gharama ya kuanzia: kuchonga sahani ya mwanzo, kutoa kalibu ya chuma, kuandaa mtambo. Ukipiga nakala 500 au 5,000 gharama hiyo ni ileile, kwa hiyo toleo dogo lazima kila moja iwe ghali. Halafu Februari 2020 kiwanda cha Apollo Masters kule Banning, California, kiliteketea. Ndicho kilichokuwa kikitengeneza zile sahani laini za kuchongea, na duniani vilikuwa viwili tu, cha pili kiko Japani. Wakati huohuo Wamarekani wamezirudia santuri kwa fujo, mpaka mwaka 2022 zilizouzwa zilipita CD kwa idadi, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1987. Na juu ya hayo yote kuna haki. Mpiga fidla aliyelipwa ili muziki upigwe bustanini hajalipwa ili uuzwe dukani. Ukitaka kuuza, unaanza upya na watunzi, wapigaji na chama chao. Ndiyo maana muziki mwingine unasikika kila siku ya Mungu na dukani haupo.

Haya, nimeelewa. Kisichoeleweka ni Hemedi mwenyewe.

Kwanza muziki ukikosekana dukani, hawa watu hawalali. Wapo wanaoingia bustanini na maikrofoni, wakasimama chini ya spika moja wasipumue, na mtoto wa mtu akipita analia lupu imeharibika, wanaanza tena. Wapo waliogundua kwamba vile vifaa wanavyoazimwa wageni wasiosikia vizuri vinapokea sauti safi kutoka kwenye mitambo, wakavichomekea vinasa sauti. Kwa hiyo muziki tayari wanao! Hemedi anao kwenye simu, anausikiliza akiosha vyombo, siku anazoosha. Ila anasema huo hauhesabiki. Unaohesabika ni ule wenye jalada.

Basi kampuni ikatangaza jalada. Wiki nzima nyumba haikukaa. Kila mwenye simu akapewa zamu: mama Zuhura yake, mie yangu yenye kioo kilichopasuka, Zuhura kishikwambi chake cha shule. Saa sita mchana kamili duka la mtandaoni likafunguliwa, maana yake likatuambia tuko kwenye foleni, tusifunge ukurasa na tusiufungue upya. Kikatokea kijimtu kinachotembea juu ya mstari. Nikakitazama kinavyoburuta miguu. Mie niliyezaliwa zama za foleni za sukari, nimevuka bahari, nimepata makaratasi, nimekaa kwenye kochi la ngozi ndani ya Marekani, napanga foleni ya sauti ya foleni.

Aliyefika mbele ni Zuhura. Santuri ikaingia kapuni, duka likaomba neno la siri. Neno la siri lilikuwa kichwani mwa Hemedi, na Hemedi alikuwa amejifungia bafuni kwa sababu amesikia huko mtandao una nguvu zaidi. Tukagonga. Akatoka mbio, taulo mkononi, akaanza kumtajia mtoto herufi moja moja: kubwa, ndogo, alama ya mshangao. Walipofika kwenye alama ya mshangao, zikawa zimekwisha. Adhana ya adhuhuri ilipolia kwenye simu ya mama Zuhura, santuri ileile ilikuwa inauzwa kwenye soko la mitumba la mtandaoni mara tatu ya bei, na muuzaji hata haijamfikia. Ameweka picha ya dukani!

Marehemu baba alikuwa akitusimulia mwaka 1983, Waziri Mkuu Sokoine alipowatangazia vita walanguzi na wahujumu uchumi. Watu walificha sabuni chini ya vitanda, wengine walitupa mali mitaroni usiku ili wasikutwe nayo. Nilimwambia Hemedi, walanguzi hawa wangemkuta Sokoine, santuri za zambarau zingeokotwa mitaroni mpaka Pongwe. Akacheka. Halafu akafungua simu akanunua kwa mlanguzi. Akanunua mbili.

Mbili za nini? Moja ya kufungua, moja ya kuweka na nailoni yake. Haya, ile ya kufungua ikafika. Akavaa glavu nyeupe, akaimulika kwa tochi ya simu, akanyamaza. Nikadhani kuna msiba. Kumbe kona ya jalada imekunjika, kiasi cha ukucha wa kidole kidogo. Nikamwuliza, santuri yenyewe imevunjika? Haikuvunjika. Ina mkwaruzo? Haina. Sasa inaimbia kwenye kona? Akaniambia, "Shemeji, hili jambo hulielewi." Na kwa kuwa ina kona mbovu, akaona hiyo ndiyo ya kuhifadhi kama ilivyo mpaka muuzaji ajibu malalamiko, na ile nzima haiwezi kufunguliwa kwa sababu ni nzima. Zote mbili ziko rafuni. Hazijapigwa.

Tena zingepigwa na nini? Hemedi hana gramafoni. Nilipoligundua hilo nilimwita mama Zuhura ashuhudie. Hakuona ajabu. Na kweli hayuko peke yake: Luminate, kampuni inayohesabu mauzo ya muziki Marekani, ilitoa taarifa mwaka 2023 kwamba katika wanunuzi wa santuri, nusu tu ndio wenye kifaa cha kuzipigia. Nusu nyingine wamenunua duara.

Msidhani wazimu huu uko kwenye muziki peke yake. Januari 2022 Epcot waliuza ndoo ya plastiki ya bisi yenye umbo la Figment, yule joka wao wa zambarau, watu wakapanga foleni masaa, na jioni hiyohiyo ndoo ziko mtandaoni kwa mamia ya dola. Januari 2023, Splash Mountain ya hapa, ule mchezo wa kuteremka majini na mtumbwi, ilipokuwa inafungwa, wapo waliochota maji ya mtaro wake, wakayatia kwenye chupa, wakayauza kwenye eBay. Maji! Mie nilibeba abiria walioloa maji hayo mpaka soksi, nikawafutia viti kwa kitambaa changu. Nikikikamua kitambaa kile leo nalipa kodi ya mwaka.

Sasa sikilizeni walivyo. Kabla santuri haijatoka, Hemedi na wenzake ni watetezi wa wanyonge. Kampuni ina roho mbaya, muziki ni wa watu wote, kwa nini nakala zimekuwa chache, toeni za kutosha. Hotuba za kukutoa machozi. Akishapata ya kwake, hotuba zinakoma. Juzijuzi ikavuma habari kwamba santuri ile itatolewa tena, safari hii nyeusi ya kawaida, bei ya dukani, atakaye apate. Nikampigia simu nikiwa kazini kumpa pongezi. Hemedi alikuwa na sauti ya mgonjwa. Eti ni usaliti. Eti walisema haitarudiwa. Eti ya kwake itashuka bei.

Si ulisema huuzi?

Hauzi. Ila anataka awe nayo kwa bei ambayo mwingine hawezi kuifikia. Hapo ndipo nilipomwona mpandisha bei, na hakuwa mlanguzi wala kiwanda kilichoungua. Mlanguzi anasimama pale kwa sababu Hemedi amemhakikishia mteja. Julai 1955 Disneyland ilipofunguliwa kule California kiingilio cha mtu mzima kilikuwa dola 1, na mashine za kuchezea ulilipia pembeni. Leo dola 40 za santuri Hemedi anaziita za bure, dola 120 anaziita fursa, na ukimwomba dola 15 za mchele anakwambia mambo ni magumu.

Kuna moja tu ambayo nampa haki yake. Analo jalada la mwaka 1969 la hadithi ya Haunted Mansion, jumba la mizimu la Disney, lile lenye kijitabu cha picha ndani, na sauti ya yule kijana kwenye hadithi ni ya Ron Howard kabla hajawa mwongozaji mkubwa wa filamu. Hilo hakulilangua, alilipata kwenye mnada wa vitu vya nyumbani, limechoka, mtoto wa zamani amechora kalamu ya rangi juu ya mizimu. Zuhura analipenda, anafungua kurasa na kujisomea. Kwa kuwa limeshachorwa halina thamani, hivyo tunaruhusiwa kulishika. Ndicho kitu pekee katika rafu ile kinachotumika.

Mie nimetoa tangazo. Kuanzia mwezi ujao rafu italipiwa kodi, na kiyoyozi kitasomewa mita. Hemedi amekubali bila ubishi, nikashangaa, mpaka nilipoona namna anavyotaka kulipa: ananikabidhi ile yenye kona iliyokunjika, thamani yake anaihesabu kwa bei ya mlanguzi, na chenji anaidai taslimu.

Nimekataa. Mama Zuhura ameshasaini kuipokea.