Sentimita Moja na Ushee

Jamani, mtu mzima anafikaje mahali pa kumwonea aibu pikipiki wake kwa sababu ya nyuma yake? Mimi nilifika.

Pikipiki yangu ni Honda CB350 ya mwaka 1972. Nimeishi nayo hadi naiita Bibi, na kuanzia hapa mtanisamehe, sitasema "hiyo", nitasema "huyo". Bibi alizaliwa na tairi la 3.00-18 mbele na 3.50-18 nyuma, na hajawahi kulalamika. Aliyelalamika ni mimi, siku niliposimama kwenye taa nyekundu nyuma ya kijana mmoja mwenye pikipiki jipya. Tairi lake la nyuma, pipa limelazwa! Nikageuka nikamwangalia Bibi kwenye kioo cha jengo la pembeni. Nikaona baiskeli iliyojaliwa injini.

Taa ikawaka kijani, mimi bado natazama kioo. Nikapigiwa honi na watu wote.

Sasa hebu niwaeleze hesabu za matairi, maana kuna watu walikaa kikao wakaamua sisi wengine tusielewe. Tairi la zamani limeandikwa 3.50-18: upana inchi tatu na nusu, rimu inchi 18, kwisha habari. Tairi la siku hizi limeandikwa 130/80-18. Ile 130 ni milimita za upana. Ile 80 si milimita, ni asilimia, yaani kimo cha ubavu wa tairi ni asilimia 80 ya upana wake. Halafu 18 ni inchi tena! Ni sawa na mtu akuulize habari zako, uzito umtajie kwa kilo, urefu kwa hatua, na umri kwa mvua ulizoziona.

Nikanunua 130. Kwa nini 130? Kwa sababu lilikuwepo na mimi nilikuwa na haraka.

Rimu ya Bibi ina upana wa inchi 1.85. Tairi la 130 linataka rimu ya kuanzia inchi 2.5 kwenda juu. Hilo nililijua baadaye, kama yanavyojulikana mambo yangu yote. Ukilibana tairi nene kwenye rimu nyembamba, mashavu yanavutwa ndani na kichwa kinachongoka, kama mtu mnene aliyejifunga mkanda wa mwanawe. Lile tambo ulilolinunua hulioni tena, unaona yai.

Haya, yai likaingia kwenye foku ya nyuma, ile mikono miwili inayolishika gurudumu. Nikalizungusha kwa mkono: kwaruu. Nikalizungusha kwa goti: kwaruu, likasimama. Kushoto linasugua mfuniko wa mnyororo, kulia linasugua ile fito inayoizuia breki isizunguke pamoja na gurudumu. Juu nako linaibusu madigadi. Pikipiki limepata breki tatu mpya na hakuna hata moja niliyoiomba.

Nikamburura hadi kwa fundi.

"Mzee, ulipima kabla ya kununua?"

"Nilipima kwa macho."

"Na macho yalikwambiaje?"

Sikumjibu. Kuna maswali yanaulizwa ili mtu anyamaze.

Nikamwambia, fundi, si tuongeze washa, kile kipete cha chuma, upande wa mnyororo, gurudumu lisogee kulia kidogo? Akaniangalia kwa huruma. Akanieleza kwamba ukilisogeza gurudumu zima, sproketi ya nyuma, yaani lile duara la meno linaloshika mnyororo, inalifuata, ya mbele inabaki palepale, na mnyororo unaanza kwenda upogo hadi umalize meno. Basi tuiache habu, kitovu cha gurudumu, mahali pake, tuivute rimu peke yake kwa spoku? Hapo mnyororo utanyooka, sawa, lakini gurudumu la nyuma halitapita alikopita mwenzake wa mbele. Bibi atatembea kama kaa. Kila mlango niliougonga, mwenye nyumba alikuwa milimita ileile.

Halafu akanimalizia kabisa. Hata nafasi ikipatikana, akasema, isiwe ya kupitisha karatasi. Tairi likienda kasi linatanuka, mnyororo unachezacheza, gurudumu nalo halikosi kayumbo kadogo. Yeye hakubali chini ya milimita 5 kila upande.

Tukashuka hadi 110/90-18 na rimu mpya ya inchi 2.15, yenye matundu 36 kama ya zamani. Lile la 130 liko nyumbani. Mama watoto kanipa mwezi mmoja niseme ni la nini.

Fundi alitaka kuifunga rimu mwenyewe. Nikakataa, nikasema nitaifunga mimi, nina mikono. Nikaifungua rimu ya zamani, spoku zote 36 nikazimwaga kwenye kopo moja. Mnajua kwamba spoku za ndani na za nje zinatofautiana? Shingo ya moja imekunjwa zaidi ya mwenzake, kidogo tu, kiasi cha kumdhalilisha mtu. Nilikaa sakafuni jioni mbili nikizipambanisha moja moja kwenye mwanga kama sonara. Na kupiga picha kabla ya kufungua? Simu ilikuwa mfukoni muda wote.

Zikaingia. Ukizipiga kwa spana ndogo zinatakiwa ziimbe sauti ya kukaribiana: ting, ting, ting. Zangu ziliimba ting, ting, tong, ting, kimya. Hiyo ya kimya ndiyo iliyonirudisha kwa fundi. Akalipachika gurudumu kwenye kigingi chake, akaweka kijiti karibu na ukingo, akalizungusha. Likaruka, likayumba, likakipiga kijiti kikaanguka. Akakaza robo mzunguko hapa, akalegeza robo kule, huku anapiga mluzi. Nusu saa, gurudumu linapita mbele ya kijiti kama maji. Nauchukia ule mluzi hadi leo.

Kuvisha tairi nilisema hili sasa ni langu. Nikapaka maji ya sabuni, nikashika manuela mbili, vile vyuma vya kuvishia tairi. Utaratibu naujua: upande wa pili unaukanyaga ili ukingo wa tairi uzame kwenye bonde la katikati ya rimu, ndipo upande wako ulegee. Naujua, lakini sikuufuata. Nilivuta kwa nguvu za babu yangu, likaingia kwa kishindo, nikafurahi. Nikajaza upepo. Nikasikia fsss. Manuela ilikuwa imeibana tubu, ikaitoboa matundu mawili kama ya nyoka. Tubu mpya! Haijawahi hata kuiona barabara.

Basi tufupishe. Kiraka, tairi, upepo, gurudumu mahali pake. Likazunguka bila kugusa kitu. Nikachukua kipimo, nikapima tairi jipya kwenye rimu yake: milimita 106. Nikaliokota la zamani, nikalirudisha kwenye rimu yake ya zamani na upepo wake, nikapima lilivyokaa: milimita 93.

Kumi na tatu. Sentimita moja na ushee. Sita na nusu kila upande! Nikarudia kupima, maana wakati mwingine kipimo nacho kinakuwa na roho mbaya. Kumi na tatu.

Kisha nikapima kimo. Kutoka katikati ya ekseli hadi chini, Bibi ameongezeka milimita 7. Nilimtaka mnene, amerudi mrefu.

Na urefu huo una mambo yake. Stendi yake kubwa ni kongwe, miguu imelika. Ilikuwa ikimwinua gurudumu likaelea juu ya ardhi kwa unene wa penseli. Penseli hiyo imeliwa. Sasa nikimsimamisha kwenye stendi, tairi limetua chini, halizunguki, na mnyororo bila kulizungusha gurudumu hauwezi kupakwa oili. Nimetafuta kipande cha ubao cha kuweka chini ya stendi, nakifunga nyuma ya siti, naenda nacho kila mahali.

Kona nazo anasita kidogo, anataka nimlaze zaidi ya zamani. Hilo tumelizungumza, tunavumiliana.

Juzi kwenye foleni ya mafuta akaja kijana mwenye tairi pana, akasimama nyuma yangu kabisa. Nikajisogeza pembeni kidogo ili alione vizuri. Akaangalia, akaangalia tena, akainama.

"Mzee, shikamoo. Hicho kiubao cha nini?"

Nikamwambia ni cha kukalia.