Kuandikisha makazi ughaibuni: ulinzi wa mgeni au jicho la dola?

Mwanza na Würzburg, mji ulioko katika jimbo la Bavaria nchini Ujerumani, ni miji dada tangu 1966, na si ajabu kumkuta mkazi wa Nyamagana au Ilemela mwenye ndugu, jirani au muumini mwenzake aliyekwenda huko kusoma, kufanya kazi au kujitolea. Anayekwenda hukutana mapema na sharti ambalo mara nyingi hakulifikiria alipokuwa akihangaikia viza na tiketi: ndani ya wiki mbili tangu ahamie katika nyumba, anatakiwa kufika kwenye ofisi ya mji na kuandikisha anwani anayoishi. Wapo wanaolichukulia sharti hili kuwa namna ya kumchunga mgeni, na wapo wanaoliona kuwa ndilo linalompa mgeni miguu ya kusimamia. Nadhani pande zote mbili zina hoja za kweli, ingawa kwa maoni yangu hazina uzito sawa.

Ugumu wa kulielewa sharti hilo unatokana na mazoea tuliyokulia. Kwetu Tanzania utambulisho wa makazi umejengwa juu ya mtu anayekufahamu. Anayetaka kufungua akaunti ya benki, kuomba kitambulisho cha taifa cha NIDA au kumwekea dhamana ndugu yake huenda serikali ya mtaa, akaandikiwa barua ya utambulisho na kugongewa muhuri. Mwenyekiti anaweza kumwandikia barua hiyo hata mpangaji asiye na mkataba wa maandishi, kwa sababu anamjua mwenye nyumba, au balozi wa nyumba kumi amemweleza kwamba huyu ni mtu wetu. Operesheni ya Anwani za Makazi ya 2022, iliyotangulia Sensa ya tarehe 23 Agosti mwaka huo, ilileta majina ya barabara na namba za nyumba hata kwenye makazi yaliyojengwa juu ya mawe ya Igogo na Mabatini, ambako mtu hufika kwake kwa kupanda ngazi na kupita vichochoro. Hata hivyo, namba ile inaitaja nyumba, haimtaji anayelala ndani yake. Daftari la Wajerumani linamtaja anayelala ndani, na hapo ndipo faida na hofu zote zinapoanzia.

Tuanze na faida. Baada ya kuandikishwa kwa mara ya kwanza, mkazi hutumiwa kwa posta namba ya mlipakodi yenye tarakimu 11, ambayo atabaki nayo maisha yake yote. Bila namba hiyo mwajiri anaweza kulazimika kumkata kodi kwa daraja la juu kabisa, hata kama mshahara wenyewe ni mdogo. Cheti cha kuandikishwa huombwa anapofuatilia kibali cha ukaazi, na mara nyingi benki nazo hukihitaji. Kuna jambo moja dogo ambalo mtu aliyezoea kupokea barua kupitia sanduku la posta la shule, parokia au ofisi ya mjomba hawezi kulikisia: mpeleka barua wa Ujerumani husoma jina lililobandikwa kwenye kisanduku cha mlangoni, na asipoliona jina la mwenye barua, barua hurudishwa ilikotoka. Kwa hiyo mgeni anaweza kuandikishwa kihalali kabisa, namba yake ikatumwa, kisha ikarudi kimyakimya kwa sababu tu mwenye chumba hakukubali jina la pili libandikwe.

Hapa tunafikia hoja nzito zaidi ya upande wa pili, ambayo kwa kweli inahusu chumba kuliko upelelezi. Sheria ya kuandikisha wakazi inayotumika Ujerumani nzima tangu tarehe 1 Novemba 2015 inamtaka mpangaji alete uthibitisho ulioandikwa na mwenye nyumba kwamba amehamia kweli. Wajibu huo wa mwenye nyumba ulikuwa umeondolewa 2002, ukarudishwa 2015 ili kuzuia watu kujiandikisha katika anwani wasizoishi. Anayempa mwingine anwani ya uongo anaweza kutozwa faini ya hadi euro 50,000, ilhali anayechelewa kujiandikisha anaweza kutozwa hadi euro 1,000. Kwenye karatasi mpango huo ni wa haki. Lakini mgeni wa kwanza kufika mara nyingi hulala kwenye chumba alichopewa na mpangaji mwingine, ambaye huenda hakuomba ruhusa ya mwenye nyumba, au mwenye nyumba mwenyewe hataki kodi ya pango anayopokea ijulikane. Mtu wa namna hiyo humwambia mgeni bila kificho: kulala unaweza, kujiandikisha hapana. Sheria inamtaka mgeni aiarifu ofisi pale anaponyimwa uthibitisho, na ni kweli kwamba kosa hapo si lake. Lakini ni nani atakayemshtaki mtu aliyeshika ufunguo wa chumba chake, katikati ya Januari, katika mji ambao hana shangazi wala rafiki wa kumpokea?

Wanaotetea mfumo huu husema kwamba pasipo uthibitisho daftari lingejaa watu hewa. Nakubaliana nao, kwa kuwa daftari lisiloaminika halimsaidii hata mgeni mwenyewe. Ninachokataa ni kumwachia mtu mwenye nguvu ndogo kuliko wote kazi ya kumkumbusha mwenye nyumba wajibu wake. Katika jambo hili mwenyekiti wetu wa mtaa, pamoja na udhaifu wote wa utaratibu unaomtegemea mtu mmoja, ana kitu ambacho ofisi ya Ujerumani kwa kawaida haina: anaweza kwenda kujionea. Ubelgiji wamelitatua kwa njia inayofanana na hiyo, kwa kuwa baada ya mtu kutoa taarifa ya makazi, polisi wa eneo hufika nyumbani kuthibitisha kwamba anaishi pale.

Kuhusu nani huyaona maandishi hayo, msomaji anapaswa kujua mambo yalivyo. Nchini Ujerumani mtu binafsi anayelijua jina lako anaweza, kwa kulipa ada na bila wewe kuarifiwa, kuomba anwani yako kutoka kwenye daftari, isipokuwa umewekewa zuio kwa sababu ya hatari kwa maisha au usalama wako. Taarifa za kuhamia hupelekwa pia kwa wanaokusanya mchango wa redio na televisheni za umma, ambao tangu Agosti 2021 ni euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba. Tena fomu inauliza dini. Anayejiandika Mkatoliki au Mlutheri, akishakuwa na mapato yanayotozwa kodi, hukatwa kodi ya kanisa, ambayo Bavaria ni asilimia 8 ya kodi yake ya mapato. Kwa Mkatoliki wa Mwanza aliyezoea kutoa zaka na mavuno kwa hiari yake mbele ya jumuiya, jambo hili ni geni, na kujitoa baadaye si jambo jepesi: lazima atamke rasmi mbele ya ofisi ya serikali, na maaskofu wa Ujerumani waliamua 2012 kwamba anayefanya hivyo hawezi kupokea sakramenti. Simshauri mtu aikane imani yake kwa ajili ya fedha. Nasema tu kwamba ni haki yake kulijua jambo hilo kabla kalamu haijagusa karatasi.

Hofu ya daftari ina mizizi mirefu zaidi, na sisi wa kando ya ziwa hatuhitaji kufundishwa. Mwaka 1994 mto Kagera ulileta katika Ziwa Victoria miili ya watu waliouawa Rwanda, na wengi wa waliouawa walitambuliwa vizuizini kwa kitambulisho kilichoandikwa kabila lao. Uholanzi, ambako Wayahudi takriban 140,000 waliandikwa kwa umakini mkubwa, zaidi ya 100,000 waliuawa chini ya utawala wa Wanazi, na ndiyo maana tarehe 27 Machi 1943 wapigania ukombozi waliivamia ofisi ya daftari la wakazi ya Amsterdam na kuichoma. Mifano hii hainipeleki kwenye hitimisho kwamba watu wasiandikishwe. Inanipeleka kwenye swali la nini kiandikwe na nani akione. Anwani inahitajika ili barua ifike na mtoto apate shule. Dini na kabila havihitajiki kwa kazi hiyo.

Ndiyo maana naupima mfumo wowote wa namna hii kwa jinsi unavyomtendea asiye na kibali. Hispania, sheria ya 1985 inamtaka kila anayeishi nchini humo ajiandikishe katika manispaa yake, na manispaa haitakiwi kumkataa kwa kukosa kibali. Hata hivyo, tangu 2003 polisi wameruhusiwa kisheria kuyafikia madaftari hayo, jambo lililodhoofisha imani iliyokuwapo. Ujerumani ofisi za umma, ukiacha shule na taasisi nyingine za elimu, zina wajibu wa kuitaarifu idara ya wageni zinapomgundua mtu asiye na kibali, kwa hiyo mtu huyo hukaa mbali kabisa na ofisi ya kuandikisha. Matokeo yake daftari linakosa watu walewale ambao mji ungehitaji kujua wako wapi pakitokea ugonjwa au moto.

Kwa mwenye viza halali, msimamo wangu ni kwamba ajiandikishe, tena mapema, na kwamba swali la uthibitisho wa mwenye nyumba aliulize kabla ya kutuma hata senti moja ya pango, na jibu alipate kwa maandishi. Anapoondoka Ujerumani moja kwa moja, ajiondoe kwenye daftari. Dirisha la kufanya hivyo hufunguliwa wiki moja kabla ya kuhama na hufungwa wiki mbili baada yake. Asipojiondoa, na asipowaarifu wanaodai mchango wa redio, madai ya kila mwezi yataendelea kutumwa kwenye chumba ambacho tayari kina mpangaji mwingine.