Mwanafunzi wa kutwa mnamsahau sana

Kuna kitu kinanikera kila nikisoma historia za zile shule binafsi za wasichana za Uingereza zenye kutwa na bweni kwa pamoja. Utakuta stori za matroni, kengele ya alfajiri, vitanda vya baridi, wasichana wanaokula keki kwa kujificha taa zikishazimwa, yaani bweni bweni bweni mpaka mwisho. Yule binti aliyekuwa anakuja asubuhi na kurudi kwao anatajwa kwa mstari mmoja, utadhani alikuwa anapita tu kuchukua mzigo wake. Mimi naona ni kinyume kabisa, hizi shule zilibebwa na watoto wa kutwa, bweni likaja baadaye likachukua sifa zote.

Chukua Cheltenham Ladies' College maana ndiyo watu wanaitaja sana. Ilianzishwa 1853, milango ikafunguliwa mapema 1854 kwenye nyumba moja inaitwa Cambray House. Cheltenham wakati ule ulikuwa mji wa watu waliostaafu, maafisa wa jeshi, waliorudi kutoka India, wenye hela zao kidogo na mabinti wengi nyumbani. Vijana wa kiume walishapata college yao tangu 1841, mabinti je? Basi ikafunguliwa, na wengi walikuwa wanatembea tu kutoka nyumbani. Mambo hayakwenda vizuri mwanzoni, mpaka 1858 wanafunzi walikuwa wamepungua hadi 69 na mtaji uliobaki ulikuwa kama pauni 400, shule inakufa hivi hivi watu wanaangalia. Ndipo akaletwa Dorothea Beale kuwa mkuu, akakaa kwenye kiti hicho mpaka alipofariki 1906, miaka 48, na shule akaiacha na wanafunzi kama elfu moja.

Huyu mama kabla ya hapo alishafundisha hesabu Queen's College London, halafu akapita shule ya Casterton, ya mabinti wa makasisi, ya bweni. Alidumu kama mwaka mmoja tu, hakuelewana na wenye shule kuhusu namna watoto walivyokuwa wanabanwa. Na Casterton hiyo ndiyo ile ile iliyoanzia Cowan Bridge mwaka 1824, ambako dada wawili wakubwa wa Charlotte Brontë, yule mwandishi wa riwaya ya Jane Eyre, waliugua wakarudishwa nyumbani na kufa 1825. Sisemi ndiyo sababu Beale alianza na shule ya kutwa, maana aliikuta hivyo. Lakini mtu aliyeonja bweni la aina ile hawezi kuliona kama paradiso, na kweli nyumba za bweni Cheltenham zilikuja taratibu miaka ya 1860, tena nyingi mwanzoni ziliendeshwa na akina mama kwa hela zao wenyewe, shule ikazichukua baadaye sana.

Sasa angalia alivyopanga siku. Masomo saa tatu asubuhi mpaka saa saba mchana, basi. Zamani watoto walikuwa wanarudi tena mchana, yeye akafuta. Wazazi wengine walinuna mwanzoni, baadaye wakazoea. Ratiba hiyo huwezi kuielewa ukifikiria bweni, ile ni ratiba ya mtoto mwenye mama nyumbani, mwenye ndugu, mwenye piano ya kufanyia mazoezi jioni. Asubuhi akili, mchana familia. Halafu ndani ya shule kimya, hakuna kuongea ovyo kwenye korido, jambo ambalo mimi lingenishinda siku ya kwanza.

Na ujanja wake mkubwa uko kwenye masomo. Hesabu za Euclid, yaani jiometri, hakuziingiza mapema ingawa mwenyewe alikuwa mwalimu wa hesabu, alijua fika wazazi wangeondoa watoto na shule ingefungwa. Sayansi akaipitishia mlango wa nyuma kwa jina la jiografia ya maumbile, hilo halikumtisha mtu. Hapa ndipo unaona nguvu ya mzazi wa kutwa. Binti akirudi nyumbani mchana anaulizwa mezani leo umejifunza nini, akijibu vibaya kesho baba yuko ofisini kwa mkuu. Shule ya kutwa inakaguliwa kila siku bila mkaguzi, wakati ya bweni inasubiri likizo ndipo wazazi washtuke.

Mwenzake wa London, Frances Mary Buss, aliyefungua North London Collegiate mwaka 1850, alikuwa kwenye njia hiyo hiyo ila kwa moyo mpana zaidi. Cheltenham walikuwa wanachagua familia, binti wa mwenye duka hana nafasi, na hapo Beale ananiangusha kwa kweli. Buss alipokea watoto wa watu wa kawaida wa tabaka la kati, dini yoyote, halafu 1871 akaongeza Camden School ya ada nafuu. Wote wawili walienda kutoa ushahidi mbele ya tume ya serikali iliyochunguza shule miaka ya 1860, tume ambayo ilikuta shule za sekondari za wasichana zenye mfuko wake wa kudumu ni 13 tu Uingereza nzima. Kumi na tatu! Beale na Buss wote hawakuolewa na wakatungiwa kashairi ka kuwacheka kwamba mishale ya mapenzi haiwaingii, ndiyo shukrani ya dunia hiyo.

Matokeo ya ile tume mnajua yalikuwa nini? Mwaka 1872 ikaundwa kampuni ya kufungua shule za wasichana mijini, watetezi wa elimu ya wasichana Maria Grey na dada yake Emily Shirreff wakiwa mbele, na jina lake ni Girls' Public Day School Company. Day, yaani kutwa, iko hapo hapo kwenye jina. Ya kwanza ilifunguliwa Chelsea mwanzoni mwa 1873. Walijua hesabu rahisi tu, ukitaka kusomesha mabinti wengi kwa ada ndogo huwezi kuwajengea vitanda wote, chumba cha darasa kinatosha na usiku mtoto analala kwao.

Bweni kama tunavyolijua sasa, lenye nyumba, makapteni, michezo na kelele za ushindi, lilikolezwa zaidi na kizazi kilichofuata. Frances Dove alifundisha Cheltenham, akaenda kuongoza St Leonards kule Scotland, mpira wa lacrosse, ule wa fimbo zenye wavu, ukaingia pale 1890, kisha 1896 akaanzisha Wycombe Abbey. Walichukua mfumo wa shule za wavulana wakauvalisha sketi. Sikatai kuna faida zake, binti aliyekuwa haruhusiwi kukimbia mbele za watu akapewa kiwanja na fimbo, hiyo si ndogo. Na kwa familia zilizokuwa India au mashambani kusiko na shule, bweni halikuwa anasa hata kidogo. Ila Beale mwenyewe mambo ya kushindana hakuyapenda, hata zawadi za kushinda darasani hakuzitaka.

Na maisha ndani ya shule zenye kutwa na bweni kwa pamoja yana kaubaguzi kake hakaandikwi. Wa bweni wana utani wao, lugha yao, mambo yaliyotokea jana usiku, wa kutwa akifika asubuhi anakuta mazungumzo yameshaanza bila yeye. Shule nyingi zimejaribu kutibu hilo kwa kuwapa wa kutwa nyumba zao ndani ya shule, wana sehemu ya kuweka mabegi, wana mwalimu wao na rangi zao kwenye mashindano, Cheltenham wanafanya hivyo mpaka leo. Inasaidia, ingawa nyumba usiyolala bado ni nyumba nusu.

Sasa tuje leo. Tangu Januari 2025 ada za shule binafsi Uingereza zinatozwa VAT ya asilimia 20, na bweni kwenye shule kubwa kama Cheltenham ukijumlisha kodi linavuka pauni 50,000 kwa mwaka. Shule zinahangaika, nyingine zimeshaanza kupokea wavulana siku nyingi, St Leonards ilifanya hivyo 1999, nyingine zinauza bweni la siku mbili tatu kwa wiki. Brosha zao lakini bado ni picha za vitanda vyenye mito mizuri na wasichana wamekumbatiana na vikombe vya chokoleti. Ningekuwa nasimamia shule kama hiyo ningeanza na basi la asubuhi, njia ndefu, ada ya kutwa inayolipika, na maktaba inayobaki wazi mpaka jioni ili wa kutwa wafanye prepu pamoja na wenzao kabla ya kwenda nyumbani.