Helmeti ya baiskeli na vile vidole vinne

Kila baiskeli ikigongwa kwenye barabara ya Mombasa–Malindi, watu hawajamaliza hata kumwinua aliyeanguka, ushamsikia mtu anauliza: "kwani alikuwa amevaa helmeti?" Swali hilo linaniuma kwa kweli. Dereva hakuna anayemuuliza alikuwa anakimbia vipi wala alimwachia mwenziwe nafasi gani.

Helmeti nayo ina haki yake, nisiifiche. Mwaka 2017 Jake Olivier na Prudence Creighton wa Australia walichapisha hesabu ya tafiti 40, zenye waendesha baiskeli zaidi ya 64,000 walioumia, wakakuta helmeti inapunguza uwezekano wa kuumia vibaya kichwani kwa karibu asilimia 69. Si kidogo hiyo. Ile nyeupe ya ndani ni kama ile inayozungushiwa TV mpya kwenye boksi, inapondeka yenyewe ndo fuvu lisalimike, na ikishapondeka mara moja basi imekwisha hiyo. Lakini ukiangalia inavyopimwa, huwa inaangushwa kutoka kimo cha kama meta 1.5 mpaka 2, yaani imetengenezewa mtu anayedondoka kutoka kwenye kiti chake mwenyewe akapiga kichwa chini. Lori la mchanga likikupitia ubavuni kwa kasi halimo kwenye kipimo hicho.

Sasa mwangalie kijana wa maji. Asubuhi moja nilikuwa nyuma ya mmoja, mitungi minne ya lita 20 imefungwa kwa mpira wa tyubu kwenye keria, kilo 80 hizo, jua la kaskazi lishaanza kuchoma na saa tatu haijafika. Kushoto kwake lami imemegeka, ni mteremko wa mchanga, ukiingia vibaya mitungi inakuvuta unaanguka nayo. Kulia matatu zinapita. Akisikia gari nyuma hageuki, anajua kwa mlio, ikiwa ni tuktuk anakaza palepale, ikiwa ni basi anashuka mapema akasimama mchangani mpaka lipite. Huyo utaniambia hajui hatari? Anaipima kila dakika, kwa masikio, na ndo maana yuko hai.

Na kuna jambo moja haliniachi. Mwaka 2006 mwalimu wa chuo kikuu cha Bath kule Uingereza, Ian Walker, alifunga kifaa cha kupimia kwenye baiskeli yake, akapima magari zaidi ya 2,300 yaliyompita, siku nyingine na helmeti, siku nyingine bila. Alipoivaa magari yalimsogelea zaidi kwa kama sentimeta 8.5. Alipovaa nywele za bandia ndefu aonekane mwanamke, yakamwachia nafasi zaidi. Weka vidole vyako vinne pamoja, hiyo ndo sentimeta 8 na kitu. Utasema kidogo, na kwenye barabara pana pengine ni kidogo kweli, lakini mimi nimeupima kwa mkono wangu ule ukingo wa lami pale anapopita kijana wa maji, na kati ya tairi lake na pale ilipomegeka hapakuwa na shibiri nzima. Ukimnyang'anya vidole vinne upande wa kulia, atavifidia wapi? Mchangani.

Ni haki kusema Olivier huyohuyo na Scott Walter walizirudia hesabu za Walker mwaka 2013, wakaona kuvaa helmeti hakuhusiani na magari kupita karibu mno, yaani chini ya meta moja. Sawa, nakubali, hayo ni mabishano yao na hayajesha. Ila lile la msingi mimi naliamini kwa macho yangu, kwamba dereva anakutazama na anapima ni kiasi gani cha uangalifu unachostahili, na mzigo wa kuwa salama anaweza kukuachia wewe.

Wanaotaka sheria watakutajia jimbo la Victoria kule Australia, la kwanza duniani kulazimisha helmeti, Julai 1990. Walioumia kichwa walipungua, kweli, lakini baiskeli barabarani nazo zilipungua, hasa za vijana. Uholanzi wanaovaa ni wachache na baiskeli zimejaa kila mahali, kwa sababu wamewekewa njia zao. Na hapa Kenya wanaokufa zaidi barabarani ni watu wa miguu, mbona hatujamwambia mama anayetoka sokoni Malindi avae helmeti?

Kwangu nyumbani nimeinunua, tena mpya, ya mtumba huwezi kujua ilishaanguka mara ngapi. Ni ya mwanangu wa miaka tisa. Yeye hupanda vichochoroni, gari hamna, na huanguka kila wiki, anguko lilelile la kutoka kwenye kiti ambalo helmeti ilipimiwa. Hapo sina mjadala, haivai, baiskeli inabaki ndani. Kijana wa maji akitaka kuvaa avae, na akipewa ya bure nitafurahi, lakini tukimtungia sheria tukamtoza faini kwa mapato ya mitungi minne, tutakuwa tumemwadhibu aliye mwangalifu kuliko wote barabarani. Yeye nilimuuliza angetaka nini. Akanionyesha kwa mguu pale lami ilipomegeka, akasema waiongeze tu hapa, meta moja, wasiifanye ya kuegesha magari.